Kuhitimu Sasa au Kusubiri Mwaka: Kisa cha Mpwa Wangu na Kazi ya Ushauri Nairobi

Mwezi Machi mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu anayeishi Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, alinijia nyumbani Kawempe, hapa Kampala, akiwa na daftari lenye kurasa nne za hesabu alizoziandika kwa mkono. Alikuwa katika muhula wa mwisho wa shahada ya takwimu katika Chuo Kikuu cha Makerere, shahada ya miaka mitatu, na mitihani yake ya mwisho ilikuwa mwezi Mei. Alitaka kuahirisha muhula ule. Hakuwa mgonjwa wala hakukosa karo. Alikuwa ameona tangazo la kampuni moja ya ushauri wa biashara yenye ofisi Nairobi, likisema kwamba nafasi za mafunzo kazini ni za mwanafunzi ambaye bado ana angalau muhula mmoja wa masomo, na kwamba wanaofanya vizuri katika mafunzo hayo hufikiriwa kwanza kwa ajira ya kudumu. Akafikiri kwamba akimaliza Mei atakuwa amejifungia mlango huo kwa mkono wake mwenyewe.

“Mjomba,” aliniambia, “nataka uniambie nimekosea wapi katika hesabu. Kama nimekosea katika kutaka, hilo nitajua mwenyewe.”

Nilipenda namna alivyouliza, na ndiyo sababu ya kukieleza kisa hiki kwa urefu, kwa ruhusa yake. Niliwahi kufanya kazi miaka sita katika kampuni ya ukaguzi na ushauri hapa Kampala, na katika miaka hiyo nilikaa mara kadhaa upande wa meza wanakokaa wanaouliza maswali. Sikuwa mgeni kabisa wa jambo lake. Hata hivyo nilikuwa mjomba anayelipa sehemu ya karo yake, kwa hiyo sikuwa mshauri asiye na maslahi, nami nilimwambia hivyo tangu mwanzo.

Kwanza ieleweke anachokitafuta. Kazi ya ushauri ambayo vijana wengi wa takwimu, uchumi na uhandisi wanaiota ni ile ya kuingia katika shirika la mtu mwingine kwa wiki au miezi michache, kulichambua tatizo lake na kulipatia mapendekezo. PwC, Deloitte, KPMG na EY zina ofisi Kampala na hufanya ushauri pamoja na ukaguzi wa hesabu; McKinsey na BCG, ambazo kazi yao hasa ni ushauri, zina ofisi Nairobi. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na mchujo wake ni wa aina ya pekee: baada ya mtihani wa kompyuta, mwombaji hukalishwa mbele ya mshauri mzoefu, akapewa tatizo la biashara asilowahi kuliona, akatakiwa kulifungua kwa sauti, hatua kwa hatua, huku akipiga hesabu bila kikokotoo. Anayehojiwa kwa namna hiyo kwa mara ya kwanza bila mazoezi kwa kawaida huanguka, hata awe na akili kiasi gani.

Wazo la kuchelewesha kuhitimu hakulibuni yeye. Alilisoma kwa vijana wa Marekani, na kule lina mantiki yake. Kampuni kubwa za ushauri za kule huwapanga waombaji kwa mwaka wa kuhitimu. Mafunzo kazini hufanyika katika likizo ya kiangazi kabla ya mwaka wa mwisho, na sehemu kubwa ya wanaoajiriwa hutokana na mafunzo hayo. Anayehitimu Mei kwa kawaida huanza kuomba kazi mapema, kabla ya mwaka wa mwisho au mwanzoni mwake. Kwa hiyo mwanafunzi aliyechelewa kuigundua kazi hii, akayakosa mafunzo ya kiangazi, huona kwamba akisogeza mbele tarehe ya kuhitimu atahesabiwa upya kuwa ni mtu anayeuelekea mwaka wa mwisho, na mlango uliofungwa utafunguka mara ya pili.

Mpwa wangu aliichukua mantiki hiyo nzima akaileta Makerere, na hapo ndipo kosa lake la kwanza lilipokuwa. Muhula wetu wa kwanza huanza Agosti na kwisha Desemba, wa pili huanza Januari au Februari na kwisha Mei au karibu na hapo. Kila muhula ni wiki 17, yaani 15 za kufundishwa na 2 za mitihani. Somo linalofundishwa muhula wa pili halifundishwi muhula wa kwanza. Yeye aliandika katika daftari lake “kuchelewa muhula mmoja”, kama ambavyo Mmarekani angeandika, kwa kuwa katika vyuo vingi vya kule mtu anaweza kumalizia Desemba. Kwake hakuna Desemba. Masomo aliyotaka kuyaacha Machi yangerudi baada ya sikukuu ya mwaka mpya, angeyafanyia mtihani Mei, na kwa kuwa mahafali ya Makerere miaka hii hufanyika Januari au Februari, angevaa joho karibu miaka miwili baada ya siku ile aliyoketi sebuleni kwangu. Neno “muhula” lilikuwa limeficha mwaka mzima.

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha hilo, na ndilo lililobadilisha mazungumzo yetu. Hapa kwetu kuna pengo ambalo vijana wengi hulilalamikia: mtu humaliza mitihani Mei lakini huhitimu Januari au Februari inayofuata. Kwa miezi minane hivi si mwanafunzi wa kukaa darasani, wala si mhitimu mwenye cheti. Waajiri wengi humsumbua katika kipindi hicho, nao wazazi humwona amekaa bure. Lakini kwa mtu anayeomba kazi ambayo maombi yake hufunguliwa Septemba, pengo hilo ni muda ule ule ambao kijana wa Marekani anaununua kwa karo ya muhula mzima. Mpwa wangu alikuwa anataka kulipia kitu ambacho kalenda ya Makerere ilikuwa inampa bure.

Akanijibu vizuri. Alisema kwamba pengo hilo linamsaidia kwa ajira ya moja kwa moja, si kwa mafunzo kazini, maana tangazo lilitaka mtu anayerudi darasani baada ya mafunzo. Mafunzo yale yalikuwa ya wiki kumi kuanzia Septemba, na maombi yake yalikuwa yanafungwa mwishoni mwa Juni. Kisha akaongeza jambo ambalo lilinigusa kuliko yote yaliyokuwamo katika daftari lake. Alisema kwamba yeye ni mtu anayechelewa kufunguka mbele ya wageni. Katika mahojiano ya dakika arobaini angeonekana mzito, ila akipewa wiki kumi za kazi, watu wangemjua. Ni kweli. Nimemlea kwa sehemu, na ninajua kwamba ubora wake huonekana baada ya siku ya nne, si baada ya dakika ya nne. Mafunzo kazini ni mtihani mrefu unaompa nafasi mtu wa aina yake, na yeyote anayepuuza hoja hiyo kwa kusema tu kwamba “kumaliza ni kumaliza” hajamsikiliza.

Kwa hiyo sikumwambia aache. Nilimwambia tuiandikie kampuni. Ajabu ni kwamba katika kurasa zile nne hapakuwa na swali hata moja alilowauliza wenye kazi. Alikuwa amekisia maana ya tangazo, akajenga juu ya kisio hilo. Barua pepe aliyoituma ilikuwa na maswali mawili tu: je, tarehe ya kuhitimu mnayoihesabu ni ya mtihani wa mwisho au ya mahafali? Na je, aliyemaliza mitihani lakini hajahitimu anaweza kuomba mafunzo kazini? Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Kwa mafunzo, hapana. Lazima mtu awe bado na muhula wa kurudi kuusoma. Kwa ajira ya wahitimu wapya, wanampokea yeyote aliyemaliza ndani ya miaka miwili iliyopita, anaweza kuomba kwa matokeo ya muda, na cheti kinatakiwa siku ya kuanza kazi.

Jibu hilo liliuweka uamuzi mahali pake halisi. Kumaliza Mei kungempa majaribio mawili ya ajira, Septemba ya mwaka ule na Septemba ya mwaka unaofuata. Kuchelewa hakungeyaondoa majaribio hayo, kungeyasogeza mbele tu, na kungemwongezea jaribio moja la mafunzo kazini. Nilitaka tuliseme hili kwa haki, kwa sababu watu wazima tunapowakataza vijana jambo huwa tunalifanya lionekane halina faida yoyote. Faida ilikuwapo, nayo ilikuwa jaribio moja zaidi, katika mlango unaomfaa, bila uhakika wa kuchaguliwa. Swali lililobaki lilikuwa bei yake.

Tulikaa tukaihesabu bei kwa shilingi. Muhula aliokuwa ameulipia ungepotea, na wa kuurudia ungehitaji karo na ada nyingine kama milioni 1.6, hosteli ya Kikoni kama 900,000, chakula na usafiri kama milioni 1.2. Jumla milioni 3.7. Kisha tukaongeza mshahara ambao angeupata katika mwaka huo kwa kazi za kawaida za mtu wa takwimu anayeanza, ambao tuliukadiria kwa hadhari kuwa 600,000 kwa mwezi, yaani milioni 7.2 kwa mwaka. Karibu milioni 11 kwa jaribio moja. Aliziangalia tarakimu hizo kwa muda bila kusema neno. Mshahara ambao hajaupata bado hakuwa ameuhesabu kuwa gharama, na kijana yeyote wa umri wake angefanya hivyo hivyo.

Lakini uzito wa bei hiyo haukuwa katika jumla yake. Mdogo wake wa kiume alikuwa amemaliza kidato cha sita, matokeo yake yalikuwa mazuri, na Agosti angeingia chuo kikuu. Serikali hudhamini wanafunzi wapya wapatao 4,000 tu kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma nchini kote. Wengine wote hulipiwa na nyumba zao, na alama zake, ingawa zilikuwa nzuri, hazikufika huko. Katika nyumba ya dada yangu, kama katika nyumba nyingi za Bombo, karo hulipwa kwa foleni. Shemeji yangu ni polisi mstaafu, dada ana meza sokoni, nami naongeza ninachoweza. Watatu sisi tunaweza kumbeba mtoto mmoja chuoni, na tulikuwa tumepanga kwamba wa pili atapanda wa kwanza akishuka. Mwaka wa ziada wa dada mtu ungeangukia hasa katika mwaka wa kwanza wa mdogo wake. Katika daftari la mpwa wangu kulikuwa na safu ya “familia itanielewa”. Nilimwomba aifute aandike jina la mdogo wake, kwa sababu familia ni neno pana mno ambalo mtu anaweza kujificha ndani yake, na yule kijana alikuwa mtu mmoja mwenye matokeo yake mkononi.

Alilia kidogo. Sikuona sababu ya kumzuia.

Hoja yake ya akiba ilikuwa kwamba mwaka wa ziada ungemsaidia kupandisha alama. Hii haikuchukua muda. Wastani wake baada ya mihula mitano ulikuwa 4.21 kati ya 5, na daraja la kwanza huanzia 4.40. Tukichukua kwamba mihula sita ina uzito sawa, ili afike 4.40 angehitaji 5.35 katika muhula wa mwisho, alama ambayo haipo. Angehitimu na daraja la pili la juu Mei hii au Mei ijayo, na daraja hilo lilikuwa linatosha kwa masharti ya kampuni.

Kulikuwa pia na suala la njia. Rafiki yake mmoja alikuwa amemwambia kwamba ruhusa ya kuahirisha, ile ambayo wanafunzi huiita mwaka mfu, hupatikana kwa urahisi ukipeleka barua ya daktari, na kwamba barua hiyo inaweza “kupatikana”. Mwingine alimshauri asifanye mtihani mmoja tu ili abaki na somo la kurudia. Njia ya kwanza niliikataa kabla hajamaliza kuieleza, na nafurahi kusema kwamba na yeye alikuwa ameshaikataa moyoni. Mtu anayeomba kazi ambayo wateja watamwamini kwa siri za mahesabu yao hawezi kuianza safari kwa ugonjwa wa uongo. Njia ya pili si uongo, lakini huacha alama katika hati ya matokeo, na hati hiyo huwafikia wasaili kabla mdomo haujafunguliwa. Mwenye somo la kurudia kwa kuugua au kukosa ada ana maelezo ya kweli ya kutoa. Yeye angeeleza nini?

Jambo jingine ambalo vijana hawapendi kulisikia ni kwamba kalenda ya chuo cha umma haiko mikononi mwa mwanafunzi. Novemba 2016 Makerere ilifungwa kwa amri ya Rais wakati wa mgomo wa wahadhiri, ikafunguliwa Januari 2017. Machi 2020 vyuo vyote nchini vilifungwa kwa sababu ya korona, na hata waliokuwa katika muhula wa mwisho hawakurudi darasani hadi Oktoba. Sisemi kwamba hayo yangejirudia. Nasema kwamba mwenye nafasi ya kumaliza leo akiiacha kwa hiari, anaibadilisha na ahadi ambayo mtoaji wake hawezi kuidhamini.

Na kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa Nairobi, cheti kina umuhimu wa ziada. Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, na raia wetu hawatozwi ada ya kibali cha kazi huko, kwa mapatano ya nchi zetu ndani ya Jumuiya. Lakini kibali chenyewe bado huombwa na mwajiri, na maombi yake huambatanishwa na vyeti vya elimu. Mtu mwenye ahadi ya kazi bila cheti anaweza kusubiri mpakani pa makaratasi kwa miezi.

Baada ya wiki mbili alirudi akaniambia atafanya mitihani. Sikumwambia amefanya vyema. Nilimuuliza ataanza lini mazoezi, maana nilishaona kwamba nyuma ya hamu ya kuchelewa kulikuwa na woga wa kutokuwa tayari, na woga huo haukuhitaji mwaka mmoja. Ulihitaji jioni tatu kwa wiki. Tulianza Juni. Kwanza tulifanya kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani kwao pamoja na Kinubi, na kwa sababu kwa Kiingereza alikuwa na maneno makubwa aliyoyatumia kufunika mahali ambapo hajafikiri. Nilimpa swali: Kampala inatumia magunia mangapi ya makaa kwa siku? Akaanza na watu karibu milioni 1.8, akachukua watu wanne kwa kaya, akapata kaya 450,000. Akakisia kwamba theluthi mbili hupikia makaa, yaani 300,000, na kwamba gunia moja huchukua mwezi. Magunia 10,000 kwa siku. Kisha akasimama peke yake akasema kwamba amesahau wachoma nyama, mahoteli na shule. Siku hiyo niliona mshauri.

Mei alifanya mitihani. Julai na Agosti alipata kibarua cha kukusanya takwimu za utafiti wa kilimo wilayani Luweero. Septemba aliomba, akapita mtihani wa kompyuta, akapita mahojiano ya kwanza, akaanguka ya pili mwezi Oktoba.

Dada yangu alinipigia simu usiku ule. “Kaka, tungemwacha angengoja, si angepata?” Nilimjibu kwamba sijui, na hilo ndilo jibu la kweli, pengine wiki kumi zile zingempa alichokosa katika dakika arobaini. Lakini uamuzi wa Machi ulifanywa kwa yaliyojulikana Machi, na ningeukuta tena mezani na tarakimu zile zile ningesema yale yale. Tofauti ni kwamba aliyeanguka Oktoba alikuwa amemaliza masomo, na mdogo wake alikuwa darasani katika Chuo Kikuu cha Kyambogo kwa miezi miwili tayari.

Wasaili walikuwa waungwana wakampa maelezo. Hesabu zake zilikuwa sahihi, lakini alikuwa anaficha hitimisho hadi mwisho, ilhali mteja anataka kulisikia kwanza. Hilo ni kosa la mazoezi, nasi tunalifanyia kazi kila Jumamosi. Februari alihitimu, shemeji yangu alivaa suti iliyokuwa imehifadhiwa tangu siku aliyostaafu. Sasa mpwa wangu anafanya kazi katika shirika dogo la utafiti hapa Kampala kwa mshahara unaozidi kidogo ule tulioukadiria, na kila mwezi anatoa sehemu ya hosteli ya mdogo wake bila kuombwa.

Maombi yanafunguliwa tena Septemba hii, jaribio lake la pili. Amekwisha kuthibitisha nakala za cheti na hati ya matokeo, na ziko katika bahasha ya kaki kabatini kwa mama yake Bombo.